Waliomfumbua Keziah Macho

Katika jamii yetu ya Wakenya wa Minnesota hakuna mtu aliyewahi kufa akiwa mhudumu wa wazee. Wote hufa wakiwa wauguzi. Mtu aliyetumia maisha yake kubadilisha mashuka na kuogesha vikongwe, siku ya ibada ya ukumbusho husomewa wasifu ambamo alikuwa "kwenye uongozi wa afya". Aliyeendesha lori alikuwa "kwenye usafirishaji". Msomaji ana sauti nzuri na suti iliyonyooka, na ndugu walioko nyumbani wanafuatilia kwenye Zum, wanafuta machozi na kujivunia mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Tunauacha uongo huo upite. Aliyefiwa amefiwa, nani atamsimamisha kwa ajili ya neno moja?

Kerubo alimsimamisha. Hii ni habari yake, na sina nia ya kuisimulia kwa upole.

Wengi kanisani humwita "yule wa mayai". Kwao ni Tabaka, Gusii, ambako kilima kizima ni jiwe laini na kila ua lina vumbi jeupe. Baba yake, Mzee Nyamweya, alichonga viboko, bakuli na wapenzi waliokumbatiana, kwa ajili ya watalii. Kuchonga ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake na watoto waliketi kuzunguka beseni za maji wakilisugua jiwe kwa msasa hadi likawa kama shavu la mtoto. Kerubo alisugua kabla hajajua kusoma. Alipokwenda kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya uraia wa Marekani, mashine ilimkataa mara tatu. Yule ofisa alimtazama kama mtu aliyekuja na vidole vya kuazima.

Alikuja Saint Paul kusomea uuguzi. Muhula wa pili alikosa nafasi kwenye somo la kemia, akachukua somo la uchoraji ili tu asipungukiwe masomo. Mwalimu alikuwa mzee mmoja ambaye bado alichora kama watu wa kale, kwa unga wa rangi uliochanganywa na kiini cha yai, juu ya ubao uliopakwa chokaa laini na gundi. Ubao huo hupakwa tabaka juu ya tabaka, kisha husuguliwa kwa msasa na maji. Mwalimu aliwaonya wanafunzi kuwa hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kerubo aliketi sakafuni na beseni, akakunja sketi, akasugua. Siku ile uuguzi ulipoteza mtu.

Hakuacha kuwahudumia wagonjwa, kwa sababu lazima mtu ale. Alifanya kazi katika nyumba za kuwatunzia wazee, na siku za mapumziko alichora katika chumba cha mbele cha fleti yake ya Frogtown, ghorofa ya pili, juu ya duka la nguo za harusi. Huvunja yai, hukizungusha kiini kutoka kiganja hadi kiganja mpaka ute wote uishe, hukibana kwa ngozi yake na kukitoboa kwa ncha ya kisu. Brashi anayotumia ni nyembamba kama unyasi. Rangi hiyo hukauka papo hapo, kwa hiyo haipakwi. Huwekwa mstari kando ya mstari, maelfu ya mistari, na uso mmoja waweza kula majira mawili.

"Kerubo," wanawake wa kanisa humtania, "wewe unakula nini kama viini vyote vinaishia ukutani?"

"Nakula ute. Ndiyo maana sinenepi kama nyinyi."

Anachora watu anaowajua, wakiwa mahali tunapopajua, ila kuna jambo moja ambalo halitakiwi kuwapo nalo lipo, na hakuna mtu kwenye picha anayelishangaa. Vikongwe watatu wanacheza karata juu ya ziwa lililoganda. Chini ya barafu kuna sebule yenye taa inayowaka, na ndani yake ni wao wenyewe wakiwa vijana, wanacheza dansi. Mwanamume amesubiri treni pale University Avenue hadi kola ya koti lake imeota majani ya chai, na jirani yake anachuma mawili matatu bila kuacha kusoma simu. Kila tundu la ufunguo limechorwa. Kila uzi wa koti umechorwa.

Kuna mwenye jumba la sanaa aliyewahi kupanda ngazi zile kuja kumwona. Alizunguka chumba, akasema anazipenda sana hizi ndoto za Kiafrika, ila angeweza kuongeza wanyama?

"Huyu ni Harold," Kerubo alimwambia, akimwonyesha mmoja wa wacheza karata. "Amezaliwa Duluth. Ndoto ya Kiafrika iko wapi hapo?"

Hakurudi. Kerubo alicheka habari ile kwa mwezi mzima, lakini kicheko chake kina meno.

Keziah alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi kule Tabaka. Aliletwa huku na kaka yake mkubwa, Elkanah, mwanamume mwenye bidii ambaye sote tulimheshimu. Elkanah alianza kama sisi, akiosha watu. Leo anaishi Woodbury na ana wakala wake mwenyewe: nyumba nne za kutunzia wazee na orodha ndefu ya wahudumu anaowatuma huku na huko. Nusu ya wanawake wa kanisa letu wanamfanyia kazi. Kerubo alimfanyia kazi. Keziah alimfanyia kazi kuliko wote, kwa sababu alikuwa dada yake, na dada hana saa ya kutoka.

Kwa mwaka mzima Kerubo alikuwa akimchora Keziah. Siku za mapumziko Keziah alipanda ngazi, akaketi kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha, akasema, "Haya, nichore nikiwa mrembo," na kabla chai haijapoa alikuwa amelala. Hakuna siku aliyokaa macho. Mara ya kwanza Kerubo alimwamsha. Mara ya pili alimfunika blanketi. Baadaye aliacha kupigana na jambo hilo.

"Basi nitakuchora ukilala."

"Nichore nikikoroma, ili watu wasikie."

Ndivyo picha ilivyozaliwa. Keziah amesimama katikati ya ziwa jeupe, amevaa sare yake ya kazi ya zambarau na viatu vya mpira. Anatembea. Mgongoni, ndani ya leso nyekundu iliyofungwa kama afungavyo mama, amembeba bibi kizee wa Kizungu aliyepungua hadi ukubwa wa mtoto wa mwaka. Tunaona kisogo chake tu, na nywele nyeupe kama pamba. Na Keziah amefumba macho. Analala huku akitembea. Kope zake Kerubo alizichora kwa miezi miwili. Zilikuwa na uzito, na vile vimishipa vyembamba vya samawati, na ile mikunjo midogo ya mtu aliyelala haraka kabla hajaitwa tena. Ukizitazama ulijikuta unapunguza sauti.

Ilikuwa picha ya mtu aliye hai. Keziah aliiona, akaipigia makofi, akasema, "Huyo bibi angalau umemfunga vizuri, hataanguka."

Januari ilikuja na theluji ile iliyofunga barabara zote. Keziah alikuwa amemaliza zamu yake katika nyumba ya Maple Grove na alikuwa amevaa koti tayari kutoka. Mhudumu wa kumpokea, mama mmoja Mkongo aitwaye Maombi, alikuwa amekwama mtaani kwao, gari halitoki. Elkanah akampigia dada yake simu. Akabaki. Alifanya zamu ya pili yote. Kabla ya kuondoka alimwachia Kerubo ujumbe wa sauti, anacheka: "Kaka amenikamata nikiwa na koti mwilini, bwana! Kesho nikija kwenye kiti chako usiniamshe, nitalala mpaka Pasaka."

Gari lake lilikutwa chini ya gari la kusukumia theluji. Dereva wa gari lile alisema alimwona kwenye kioo akija kwa nyuma bila kupunguza mwendo. Alilirudia jambo hilo mbele ya kila mtu aliyetaka kumsikia: hakushika breki.

"Aliteleza kwenye barafu," Elkanah aliambia kikundi cha WhatsApp cha maandalizi. "Tumshukuru Mungu, hakuumia muda mrefu." Sote tukaandika amina.

Mke wa Elkanah, Susan, ndiye aliyeomba picha. Alikuwa amesikia kuwapo kwa picha kubwa ya wifi yake, na kwetu siku hizi ibada bila picha kubwa mbele huonekana kama ya mtu asiye na watu. Picha isimame kando ya maua, kisha isafiri na mwili hadi nyumbani kwa mama. Kerubo alikubali mara moja. Susan alikuwa hajaiona. Elkanah alikuja Frogtown kuitazama, katikati ya juma, kofia mkononi.

Alisimama mbele yake, akasogeza uso karibu.

"Huyu mzungu mgongoni ni nani?"

"Ni Joan. Wa chumba cha mwisho, nyumba yako ya Maple Grove."

"Kerubo! Huyo ni mteja wangu. Sheria ya siri za wagonjwa unaijua. Serikali itanifungia leseni."

"Nimechora kisogo, Elkanah. Serikali inamjua mtu kwa kisogo?"

Alikohoa. "Na watu wa nyumbani watasema nini? Kwamba nilimtoa dada yangu Kisii nikamleta Amerika awe yaya wa wazee?"

"Si ndivyo?"

"Alikuwa akisomea uuguzi."

"Alianza somo moja akaliacha kwa sababu ya ratiba yako."

Nilitarajia, Kerubo aliponisimulia haya, kusikia kwamba mwanamume yule alikasirika. Hakukasirika. Alikaa kwenye kile kiti karibu na dirisha, akashika kichwa, akaanza kupunguza madai yake moja moja kama mtu sokoni.

"Basi sare iache. Mama atadhani ni nguo ya nesi. Bibi naye mwache, tutaweka maua mbele yake. Fungua macho tu."

"Macho yana nini?"

"Ni dada yangu. Nataka aonekane yuko macho."

Hapo ndipo Kerubo alipoelewa. Picha aliyoianza kwa kicheko, miezi mingi kabla ya theluji, ilikuwa imegeuka kuwa ushahidi bila yeye kukusudia. Elkanah hakuwa akiona usanii. Alikuwa akiona mtu aliyelala kwenye usukani.

"Sifungui," alisema. "Alilala kila mara alipokaa hapo ulipokaa. Hiyo ndiyo sura niliyoijua. Mkitaka picha ya macho, ziko mia kwenye simu ya Susan."

Elkanah akainua mikono. "Umenishinda. Ilete kama ilivyo."

Kerubo alimwamini. Lawama hiyo wasimtwike yeye. Mtu aliye msibani akikwambia umemshinda, hutafuti shahidi. Walikuja vijana wawili na gari kubwa, wakaufunga ubao kwa mablanketi, wakaupeleka Woodbury usubiri Jumapili.

Ibada ilifanyika Maple Grove, katika ukumbi tunaoukodi kutoka kwa kanisa la Walutheri. Ulijaa. Wahudumu wengi waliketi nyuma karibu na mlango, makoti yamefungwa hadi shingoni ili sare zisionekane, kwa sababu walikuwa wanatoka zamu au wanakwenda zamu. Mbele kulikuwa na skrini kubwa, na kwenye skrini familia ya nyumbani: sebule yenye vitambaa vya kufuma, wajomba wamebanana, na katikati Mama Elkanah, mzee mwembamba mwenye kitambaa cheusi kichwani, ameinamia simu karibu mno kiasi kwamba mara nyingi tuliona paji la uso tu. Kando ya maua, juu ya miguu mitatu ya mbao, ilisimama picha.

Kerubo aliingia, akavua glavu, akainua uso. Nilikuwa safu ya tatu. Niliuona mkono wake ukisimama hewani.

Keziah alikuwa anatutazama. Yalikuwa macho makubwa, meupe, ya kahawia katikati na nukta ya mwanga kila moja, kama ya mwanasesere wa dukani. Kope zilikuwa zimefunikwa na ngozi mpya ya rangi ya plastiki inayong'aa juu ya uso usiong'aa. Na shingoni, bila hata kuombwa, aliyeyapaka macho hayo alikuwa amemtundikia kile kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo.

Mchungaji Gilbert alikuwa anasoma wasifu. "...akapanda ngazi hadi kuwa muuguzi mkuu..." Kerubo alipita katikati ya ukumbi kama mtu anayekwenda kuzima jiko. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya picha, akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye kona ya jicho la kushoto, akavuta.

Rangi ile ilitoka kama utando wa maziwa. Jicho zima, na nukta yake ya mwanga, likaning'inia kwenye kidole chake.

Ukumbi uliguna kwa pamoja. Kerubo akavuta la kulia. Kisha akainama karibu sana, akitafuta kope zake chini yake, na hapo ndipo sote tuliposikia sauti iliyomtoka. Hapakuwa na kope. Palikuwa na weupe. Madoa mawili ya chokaa tupu, yenye ukubwa wa vijiko, na ukingo wa rangi iliyofutika.

"Nani alifanya hivi?"

Alvin, ambaye hutuchapia mabango na kutupambia harusi, na ambaye siku hiyo alikuwa kwenye mitambo ya sauti na Zum, alikuja mbio kutoka pembeni. Ni mtu mpole. Alikuwa karibu kulia.

"Dadangu, nisamehe. Niliambiwa umekubali. Niliambiwa umeshindwa kumaliza macho."

"Chini hakuna kitu, Alvin. Ulifanya nini kabla ya kupaka?"

"Nilipangusa tu. Kwa ile dawa ya vioo. Kulikuwa na vumbi usoni, kama la chaki, nikasema nisipake juu ya uchafu."

"Vumbi," Kerubo alisema. "Alvin, lile vumbi lilikuwa uso wake."

Rangi ya yai huchukua muda mrefu kukomaa, na haing'ai. Kwa mtu aliyezoea mabango huonekana kama kitu kilichosahauliwa darini. Simlaumu Alvin sana. Alitumwa na mtu aliyejua alichokuwa akikifuta.

Elkanah alikuwa amesimama kwenye safu ya mbele. "Umemtoa dada yangu macho!" alisema, sauti ikimpasuka. "Mbele ya mama yangu! Una wazimu?"

"Mimi nimekuta hana," Kerubo akamjibu. "Macho yake uliyafuta wewe. Ulikuja kwangu ukaniomba niyafungue, na unajua kwa nini. Alikuwa amelala, Elkanah! Hakuteleza. Alikuwa na koti mwilini anakwenda nyumbani na wewe ukampigia simu abaki."

"Dada Kerubo," Mchungaji Gilbert alisema kwenye maikrofoni, "tuheshimu madhabahu. Haya mambo tutayazungumza kifamilia. Alvin, kata laini. Alvin!"

Lakini Alvin, mtu pekee aliyejua kitufe kiko wapi, alikuwa amesimama mbele ya watu wote na kitambaa mkononi, haoni wala hasikii. Laini haikukatwa. Na kutoka kwenye spika, kwa kuchelewa kidogo kama ilivyo kawaida ya Zum, ikaja sauti ya mwanamke mzee.

"Huyo anayelia ni nani? Ni mtoto wa Nyamweya mchonga mawe?"

"Ndiyo, mama," Kerubo alisema, akigeukia skrini. "Ni mimi, Kerubo."

"Sikusikia vizuri. Hapa watu wanaongea. Nyamazeni nyinyi! Sema tena. Nani alimpigia simu?"

Kerubo hakusema. Nadhani angeweza kusema na angekuwa na haki, lakini alimwangalia Elkanah na kumwachia nafasi, na ile ilikuwa adhabu kubwa kuliko kusema. Nyuma, karibu na mlango, Maombi alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake.

"Elkanah," mama alisema. "Ni wewe?"

"Mama, tutaongea baadaye."

"Baadaye namzika. Ni wewe?"

Elkanah alikuwa mwanamume mrefu, na nilimwona anafupika ndani ya suti yake.

"Niliwapigia wote, mama," alisema. "Kulikuwa na theluji. Niliwapigia wote, hakuna aliyeshika simu. Yeye ndiye aliyepokea."

Paji la uso la yule mzee lilijaza skrini. Tulisubiri kilio. Hakulia.

"Angekosaje kupokea? Aliona ni kaka yake."

Mchungaji Gilbert alianzisha wimbo. Watu wachache waliitikia, kisha wakaacha. Ndipo mama akasema tena, sasa kwa sauti ya mtu anayepanga mambo ya nyumba, "Hiyo picha mniletee."

"Imeharibika, mama," Susan alisema. "Haina macho. Tutakuchapishia nyingine nzuri, ya rangi."

"Nimeona haina. Mniletee hiyo. Na aibebe Elkanah, si mtu mwingine."

Wapo wanaosema Kerubo alikosea. Kwamba msiba una adabu zake, kwamba mtu hatiwi aibu mbele ya maiti. Nimewasikiliza sana, wengi wao ni watu ninaowapenda. Nawauliza jambo moja tu: ile zamu ya pili ilikuwa na adabu gani? Wanageuza maneno. Kwenye tovuti ya kanisa wasifu bado upo hadi leo, na Keziah bado ni muuguzi mkuu. Kerubo hayumo tena kwenye orodha ya Elkanah. Jina lake liliondolewa bila simu wala salamu, naye akapata kazi kwa wakala mwingine, wa Mnigeria, ambako zamu ni zilezile. Maombi naye bado anapigiwa simu akiwa na koti mwilini. Wote tunapigiwa. Tunapokea.

Kabla ya safari Elkanah alikwenda Frogtown kuchukua picha. Kerubo alikuwa ameirudisha kwake moja kwa moja kutoka ibadani, na alikuwa amekataa kuikabidhi kwa mtu mwingine yeyote. Kile kifaa cha daktari alikuwa amekibandua, na shingo ilikuwa nzima, kwa sababu pale Alvin hakuona vumbi. Macho hakuyagusa. Aliuweka ubao ndani ya sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, akasugua kingo zake ili zisimchome mama vidole.

"Usiilaze kifudifudi," alimwambia. "Usiipanguse kwa kitu chochote. Watu wa forodha wakitaka kuona, wafungulie kwa nyuma."

"Sawa."

Alisimama hapo, kama mtu aliyesahau kilichomleta. "Huwezi kuyarudisha? Hata kidogo tu. Nitasubiri."

"Naweza kuchora kope zilizofumba. Hata leo." Alikuwa anafunga skrubu za sanduku, hakuinua kichwa. "Zake siwezi. Nilizichora akiwa amekaa hapo, anapumua. Sasa nitazitoa wapi?"

Elkanah aliliinua sanduku. Lilikuwa pana kuliko mikono yake, na ngazi za nyumba ile ni nyembamba, zina kona. Ilimbidi ashuke kinyumenyume, hatua kwa hatua, kidevu juu ya ubao, akipapasa kila kidato kwa kisigino. Chini mlango ulikuwa umeshikwa na barafu, na mlango ule huhitaji mikono miwili. Alisimama pale na sanduku kifuani, akausukuma kwa bega, ukakataa, akausukuma tena. Akatazama juu.

Kerubo alikuwa amesimama juu, mwisho wa ngazi, mikono imekunjwa. Alimwona. Hakushuka.